KABLA YA KUMWENDEA BINGWA WA UFIZI

Zamani mtu wa Ng'ambo aliyetaka kwenda Mjini ilimbidi avuke maji. Mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kutokea Funguni na kupita Darajani ndio uliotenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na kutokana na mkono huo upande wetu ukapata jina lake. Maji yale yalifukiwa siku nyingi, na leo anayetoka Mchangani, Kikwajuni au Mwembetanga kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja huvuka barabara tu, akafika kwa miguu. Umbali si udhuru tena. Lakini kwa maradhi ya ufizi wengi wetu tungali tunafika tumechelewa, tena tumechelewa kwa miaka, si kwa siku.

Mgonjwa wa namna hii tunamjua sote. Huingia ameshika shavu, akaketi kitini, akaonyesha jino kwa kidole na kusema, "Daktari, ling'oe hili, linacheza." Akiulizwa lilianza lini kucheza, hujibu tangu mfungo wa mwaka juzi. Akiulizwa kama ufizi ulikuwa ukitoka damu kabla ya hapo, hucheka: "Huo unatoka damu tangu ujana wangu." Hapo ndipo ilipo shida yote. Jino lililotoboka huuma, na maumivu humwamsha mtu usiku, asubuhi akenda hospitali. Ufizi unaoharibika hauumi, au huuma kidogo na kupoa, na mfupa unaolishika jino huliwa chini kwa chini mpaka jino likawa halina pa kusimama.

Makala haya yanamkusudia mtu huyo kabla hajaketi kitini: yule aliyeambiwa na tabibu wa meno kwamba ufizi wake unahitaji kuonwa na daktari bingwa, naye hajui anakwendea nini, aseme nini, wala atarajie nini. Yanawakusudia vile vile wakuu wanaopanga huduma za afya katika visiwa vyetu, kwa sababu mgonjwa anayechelewa hachelewi kwa kosa lake peke yake.

Fundi mmoja wa cherahani ninayemfahamu, mtu wa makamo, mkaazi wa Ng'ambo, alipelekwa kwa bingwa baada ya meno yake mawili ya mbele ya chini kuanza kulegea. Alikwenda shingo upande. Alidhani atang'olewa meno yale na kurudi kazini kabla ya adhuhuri. Badala yake aliulizwa mambo ambayo kwa fikira zake hayakuhusu meno hata kidogo. Usiku huamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Je, husikia kiu isiyokwisha? Katika ukoo wenu yuko mwenye kisukari? Unavuta sigara? Unatafuna tambuu? Kisha akapelekwa kupimwa damu, na sukari ikaonekana imepanda sana. Alikwenda kwa ajili ya meno mawili, akarudi na habari ya maradhi ambayo hakuwa akijua kuwa anayo. Siku ile alikasirika, akaniambia angalijua hivyo asingalikwenda.

Maswali yale hayakuwa ya upelelezi. Kisukari na maradhi ya ufizi ni ndugu wawili wabaya, kila mmoja humpa mwenziwe nguvu. Sukari ikipanda mwilini, ufizi hushindwa kujitetea na jeraha huchelewa kupona. Na ufizi ukiwa na uvimbe wa kudumu, sukari nayo huwa ngumu kuidhibiti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuutibu ufizi wa mwenye kisukari hushusha kile kipimo cha sukari cha miezi 3 kwa takriban asilimia 0.4. Ni kadiri ndogo kwa kuitazama, lakini daktari wa kisukari hufurahi kuipata. Kwa hiyo anayekwenda kwa bingwa wa ufizi asishangae akitazamwa mwili mzima. Na mwenye kisukari ambaye hajawahi kutazamwa ufizi, huyo tunamwambia aombe kutazamwa.

Ili mtu aelewe anachofanyiwa, sharti kwanza aelewe maradhi yenyewe. Pale jino linapokutana na ufizi hujijenga utando laini, ambao ni mkusanyiko wa vijidudu. Utando huo si alama ya ufukara wala ya kukosa adabu ya usafi. Hujijenga kinywani mwa kila binadamu, saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Ukiachwa, chumvichumvi za mate huugandisha ukawa ukoga mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. Ufizi, katika kujitetea, huvimba, huiva wekundu, na hutoka damu kwa kuguswa tu. Hatua hii hupona kabisa mtu akisafishwa na akajisafisha. Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, mambo huendelea. Ufizi huachana na jino, pakatokea mfuko ambao mswaki haufiki, vijidudu vikafanya makao humo, na mfupa wa taya ukaanza kupungua. Mfupa ukishapungua haurudi wenyewe.

Haya hayakujulikana kwa kubahatisha. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kabisa kusafisha meno. Wote 12 walivimba ufizi, wa mwanzo baada ya siku 10 hivi na wa mwisho kufika siku 21. Waliporejea kwenye mswaki, ufizi ulipona kwa kiasi cha wiki moja. Wanaosema kwamba damu ya ufizi ni maumbile ya mtu, au ni urithi wa ukoo wao, wangefaa kuukumbuka mtihani huo.

Lakini pana jambo la pili, na hili lina uzito mkubwa zaidi kwetu. Löe huyo huyo alikwenda Sri Lanka, kisiwa ambacho kama chetu kina mazoea ya tambuu, akawafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Watu hawa hawakuwa wakitumia mswaki wala hawakuwa na daktari wa meno. Mtu angedhani wote wangepoteza meno. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1986 yalionyesha vingine: kwa asilimia 8 maradhi yalikwenda mbio, kwa asilimia 81 yalikwenda kwa kiasi, na kwa asilimia 11 hayakupita kule kuvimba kwa ufizi. Mwaka huo huo Vibeke Baelum na wenzake walitangaza uchunguzi wa watu wazima 169 wa Tanzania, wa umri wa miaka 30 hadi 69. Utando na ukoga ulikuwa mwingi kwa watu wengi, lakini uharibifu mkubwa ulikusanyika kwa sehemu ndogo yao.

Maana yake ni kwamba bingwa wa ufizi si daktari wa kila mtu. Walio wengi wanahitaji mswaki mzuri, mkono wenye subira, na kusafishwa ukoga mara kwa mara na tabibu wa meno wa kawaida. Wanaomhitaji bingwa ni wachache, nao hawana alama usoni. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana maradhi makali ya ufizi. Hakuna nchi yenye mabingwa wa kutosha hesabu hiyo. Kazi ni kuwatambua mapema wale ambao kwao maradhi hukimbia, kabla hawajafika na jino mkononi.

Tuingie sasa katika mambo ambayo mgonjwa wa Unguja hupenda kuyaficha. La kwanza ni tambuu. Hatuna nia ya kuwavunjia heshima wazee wetu. Kijaluba cha uraibu kimekaa katika nyumba za visiwa hivi kwa vizazi, na jani la tambuu limekuwa heshima ya mgeni na pambo la harusi. Lakini tuseme kweli. Chokaa na popoo huchubua na kukwaruza ufizi, tumbaku inayotiwa ndani huukausha, na ule wekundu wa mate huificha damu, hata mtu asijue kama ametoka damu au ametema tambuu. Na popoo yenyewe, hata isipotiwa tumbaku, iliwekwa na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, katika kitabu chake cha mwaka 2004, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtumiaji asitafune siku anayokwenda kwa daktari, ili rangi ya ufizi ionekane, na akiulizwa aseme kadiri anayotumia kwa siku bila ya kupunguza. Daktari hataki kumfedhehesha. Anataka kujua atazame wapi. Kidonda au baka jeupe la kinywani lisilopona kwa wiki 2 si la kusubiri miadi ya ufizi. Hilo lionyeshwe mara moja.

Sigara ina hila yake. Ufizi wa mvutaji hutoka damu kidogo kuliko wa asiyevuta, hata maradhi yakiwa makali zaidi. Mvutaji huridhika kwamba ufizi wake ni mkavu na imara, kumbe moshi umeizima kengele ya hatari na moto ungali unawaka ndani. Ugoro wa kuwekwa mdomoni nao si mdogo. Mara nyingi ufizi hushuka pale pale unapowekwa.

Jambo la pili ni dawa. Watu wengi huhesabu kuwa dawa ya presha haihusu meno. Baadhi ya dawa za presha, kama amlodipine na nifedipine, huweza kuufanya ufizi ukue na kuyafunika meno. Vivyo hivyo phenytoin wanayopewa wenye kifafa. Mtu akifika na ufizi uliokua asitaje dawa yake, bingwa atapoteza muda kutafuta sababu iliyomo mfukoni mwa mgonjwa. Anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuifanya damu iwe nyepesi aseme, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe kwa kuogopa damu. Kuiacha ghafla huweza kuleta hatari kubwa kuliko jeraha la ufizi. Aliyewahi kutiwa vali ya moyo, au aliyewahi kuugua maambukizo ya moyo, aseme kabla chombo hakijaingia kinywani, kwa kuwa huenda akahitaji kupewa dawa mapema. Anayeishi na virusi vya Ukimwi naye aseme. Siri ya mgonjwa kwa daktari ni amana. Na anayekunywa dawa za mitishamba asione haya. Hizo nazo ni dawa.

Basi siku ya miadi mtu achukue daftari lake la kliniki, vidonge vyake vyote ndani ya mfuko, na picha za eksirei za zamani kama anazo. Ale chakula chake cha asubuhi na anywe dawa zake kama kawaida, hasa mwenye kisukari, maana kukaa na njaa kitini huku sukari ikishuka ni balaa. Asisugue meno kwa nguvu asubuhi ile kana kwamba anakwenda kukaguliwa na mwalimu wa skuli. Uchafu wa miaka hauondoki kwa mswaki wa dakika 10, na ufizi uliochubuliwa huharibu uchunguzi.

Wengi hushangazwa na chombo cha kwanza. Ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Bingwa hukiingiza polepole baina ya jino na ufizi, mahali 6 kwa kila jino, huku akitaja tarakimu na msaidizi wake akiandika. Mtu mwenye meno 28 atasikia tarakimu 168. Kipimo cha milimita 1 hadi 3 ni cha ufizi ulioshika vizuri. Kinachofika 4 na kuzidi ni mfuko, na kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Mgonjwa ana haki ya kuzijua tarakimu zake na kuomba ziandikwe katika daftari lake, kama vile mama anavyojua uzito wa mtoto wake kliniki. Kisha huja eksirei kuonyesha mfupa uliobaki. Tangu mwaka 2018 mabingwa wa dunia wamekubaliana kuupanga ugonjwa huu katika hatua 4, na si vibaya mgonjwa kuuliza, "Mimi niko hatua ya ngapi, na kwangu unakwenda kwa kasi gani?"

Matibabu yenyewe kwa sehemu kubwa si kukatwa. Ni kusafishwa, ila kusafishwa kwa kina: ukoga hukwanguliwa juu ya ufizi na chini yake, kwenye mizizi, kwa chombo cha mkono au kwa mashine inayotetema na kurusha maji. Penye mfuko mrefu hupigwa sindano ya ganzi. Kazi hii aghalabu haimaliziki siku moja. Hugawanywa kwa siku kadhaa, kisha mgonjwa huachwa kwa wiki 6 hadi 12 ufizi upoe, ndipo apimwe upya. Upasuaji huzungumzwa baada ya hapo, na ni kwa mifuko iliyokataa kupungua. Kwa hiyo anayetoka Nungwi au Makunduchi kuja mjini asipange safari moja. Anayepewa barua ya rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, aulize tangu mwanzo ni safari ngapi, kwa muda gani, na ni zipi zinazoweza kufanyiwa hapa Unguja, ili asije akauza kitu kwa nauli ya boti ya kwanza akakosa ya pili.

Pana uvumi uliozagaa katika baraza zetu kwamba kukwanguliwa ukoga kunalegeza meno. Uvumi huu una chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo haufi. Jino lililokwisha kupoteza mfupa huweza kuwa limeshikiliwa na ukoga tu, mfano wa boriti iliyobaki juu kwa sababu ya udongo uliokauka pembeni yake ilhali ukuta wenyewe umeliwa na mchwa. Ukiondolewa udongo, boriti hutikisika. Aliyeondoa udongo siye aliyeleta mchwa. Kadhalika, uvimbe ukishapungua, ufizi hushuka. Meno huonekana marefu, nafasi hutokea baina yake, na maji baridi huchoma kwa wiki kadhaa. Mgonjwa asiyeambiwa haya mapema huenda nyumbani akijiona ameharibiwa, na hasa huwazuia wenziwe wasende. Tunawaomba madaktari wetu waseme kabla, hata foleni ikiwa ndefu.

Wengine hutafuta njia ya mkato katika maduka ya dawa. Hununua vidonge vya kuua vijidudu, wakameza siku 3, uvimbe ukapungua, wakajiona wamepona. Vidonge haviondoi ukoga, na ukoga ukibaki maradhi hurudi, pengine na vijidudu vilivyokwisha izoea dawa. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini husaidia kwa wiki chache ikiagizwa na daktari. Ikitumiwa miezi huyatia meno rangi ya kahawia. Maji vuguvugu ya chumvi hutuliza, basi.

Na karafuu je? Hapa tuna haki ya kujivuna kidogo. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo hutuliza maumivu, na madaktari wa meno wa dunia nzima wameichanganya na unga wa zinki kwa miaka mingi kuzibia meno kwa muda, na hata kutengeneza bandeji ya kufunika ufizi uliopasuliwa. Mtu wa Pemba aliyepanda mkarafuu huenda amemtuliza mgonjwa wa London asiyemjua. Lakini mafuta matupu yakimiminwa juu ya ufizi huuchoma, na karafuu ikikaa mdomoni huficha maumivu bila ya kugusa sababu. Iwe ya usiku mmoja, wa kungojea asubuhi.

Mswaki wa mti nao tusiudharau. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986 kwa watu walioyazoea, na ukitumiwa vizuri husafisha vyema. Tatizo lake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana na kuyasahau magego na upande wa ndani wa ulimi, ambako ndiko ukoga hupenda kuanzia. Anayetumia mswaki wa dukani achague wenye nywele laini. Na ufizi ukitoka damu, watu wengi huacha kupasugua mahali hapo. Inayotakiwa ni kinyume chake, kupasafisha kwa upole lakini kwa kudumu, damu ikakoma yenyewe. Mkaa uliosagwa huwapa watu meno meupe kwa wiki na meno yaliyolika kwa maisha.

Mama mja mzito ana habari yake mbali. Mabadiliko ya mwili wakati wa uzazi huufanya ufizi uvimbe kwa utando mdogo tu, na ule msemo kwamba kila mtoto huja na kumchukulia mama jino lake umewafanya wanawake wengi wakubali kupoteza meno kama kodi ya uzazi. Mtoto hachukui jino. Kusafishwa ufizi wakati wa mimba ni salama, na miezi ya katikati ndiyo iliyo mepesi zaidi kwa mama kukaa kitini. Aseme tu kuwa ni mja mzito, kabla ya eksirei na kabla ya dawa.

Swali la Ramadhani huulizwa kila mwaka. Wako wanaokatiza matibabu mwezi mzima kwa kuogopa kumeza maji au damu. Hukumu ya funga aulizwe mwanachuoni. Kwa upande wa hospitali, jambo jepesi ni kumweleza daktari mapema, miadi ipangwe kabla ya mwezi kuandama au baada ya Idi. Kisichofaa ni kupotea kimya kimya kati ya usafishaji wa kwanza na wa pili. Aliyefanya hivyo ajue kwamba huenda akaanza upya.

Sasa tuwageukie wakuu wetu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ilitangaza matibabu bila ya malipo kwa wananchi wote wa visiwa hivi, na neno lile lilikuwa na maana kubwa kwa watu wa Ng'ambo. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979. Kabla ya hapo aliyetaka elimu hiyo alivuka bahari kwenda nchi za mbali. Vijana wetu wamesoma tangu wakati huo, na matabibu wa meno wamefundishwa hapa hapa Mbweni. Watu tunao, ijapokuwa hawatoshi. Lakini kung'oa jino huchukua dakika chache na chombo kimoja, na kuliokoa huchukua saa kadhaa, mashine, maji safi, umeme usiokatika, na ncha za chuma zinazochakaa na kuhitaji kubadilishwa. Huduma yoyote ile yenye foleni ndefu na vifaa vichache, popote duniani, huishia kung'oa. Hilo si kosa la tabibu anayesimama mbele ya watu 40 asubuhi moja.

Tunachoomba hakihitaji jengo jipya. Kile kijiti chenye milimita ni chombo rahisi, na kupima mahali pachache kwa kila mtu, kwa njia iliyoelekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1982, huchukua dakika chache. Kikitumiwa katika kila kliniki ya kisukari na kila kliniki ya wajawazito, na katika hospitali za Kivunge na Makunduchi pamoja na za mjini, wale wachache ambao kwao maradhi hukimbia wataonekana wangali na mfupa. Hao wapewe barua ya kwenda kwa bingwa, na barua hiyo iandikwe tarakimu za mgonjwa, sukari yake na dawa zake, asifike huko kuanza kuulizwa upya. Waliosalia wasafishwe karibu na kwao. Na vitabu vya hesabu za mwaka, ambavyo huandika meno mangapi yameng'olewa, viwe na safu ya pili ya meno yaliyokuwa yakicheza na sasa yameshika. Wizara ikianza kuiuliza safu hiyo, ncha za mashine zitaagizwa kwa wakati.

Yule fundi alirudi kwa bingwa mara nne. Jino moja kati ya yale mawili halikuweza kuokolewa, na aliambiwa hivyo waziwazi siku ya pili, akakubali. La pili limebaki. Mifuko iliyokuwa ya milimita 6 na 7 imeshuka, mingi sasa ni 3 au 4, naye huzijua tarakimu zake kama ajuavyo vipimo vya kanzu za wateja wake. Tambuu ameacha, sigara angali anapigana nayo. Kila baada ya miezi 3 hufunga duka mapema siku moja, akachukua daftari lake na vidonge vyake, akashuka kwa miguu kuelekea Mnazi Mmoja.